Sahihi Mbili

Mwezi ukiisha naketi nyuma ya duka langu la mbegu,
hapa Moshi mjini, nafungua kaunta buku,
naandika: Kodi ya vyumba sita. Imepokelewa.
Mpokeaji: Ndeanasia, mdhamini.
Chini yake: Mgawo wa mwezi. Umelipwa.
Mlipwaji: Ndeanasia, mnufaika.
Nasaini kama anayetoa.
Nasaini kama anayepewa.
Na kila mara sahihi ya pili inakimbia kidogo mwishoni,
kama mtoto mwenye sukari kiganjani.

Baba aliichapa hati mwenyewe, kwa vidole viwili:
Wadhamini: Ndeanasia, Elinami, Aikaruwa.
Wanufaika: Aikaruwa, Elinami, Ndeanasia.
Alidhani kugeuza mpangilio kunatosha.
Wakili Mrutu alivua miwani, akaifuta kwa tai.
"Sheria haikatazi," alisema. "Ila hii ni doti ya kanga,
vipande viwili, jina lile lile.
Jueni wenyewe pa kukata."

Huko kwetu Machame, shamba na shamba
hutenganishwa na masale.
Kati yangu na mimi
nani atapanda?

Mdhamini anasema: mabati yameshika kutu.
Mnufaika anasema: mvua bado, na ada ya Upendo ni Jumatatu.
Mdhamini anasema: andika basi kwamba umekopa.
Mnufaika anauliza: nimekopa kwa nani?
Wote wawili wananitazama mimi,
na mimi nimeshika sufuria chini ya tone.

Baba naye aligawa maji ya mfongo miaka kumi na minane.
Zamu yake aliiweka usiku wa manane, ya mwisho,
akienda na taa ya chemli, gumboti moja limetoboka.
Hata hivyo walisema:
mbona migomba yake ni mibichi hivyo?
Hakujibu. Mpishi huonja, tunajua,
lakini kuna kuonja na kuna kula,
na kijiko ni kile kile.
Sikuwahi kwenda usiku ule kuhakikisha.

Elinami alifariki mwezi wa tatu, wodini KCMC,
akiwa bado ananidai risiti ya rangi ya ukuta.
Aikaruwa aliandika barua kutoka Mwanza:
nimejitoa, kote kuwili, msinitafute.
Nilikunja barua ile nikahesabu vyumba,
vyote sita,
na sitaficha, moyo ulipiga hatua ya ngoma.

Nikarudi kwa Mrutu. Alinisikiliza hadi chai ikapoa.
"Ukibaki peke yako," alisema,
"ukijishikia mwenyewe, unajidai mwenyewe,
hapo hakuna amana tena. Kuna mali tu.
Amana huishi pale tu
penye mtu wa kukuuliza."
Akapekua faili.
"Bahati yako, Elinami ana mtoto."
Sikuelewa siku ile kwa nini aliita bahati.

Ndekirwa ana miaka tisa. Kiatu chake cha kushoto
kinacheka mbele, kimeonyesha meno yote ya soksi.
Anasimama mlangoni, anakwaruza fremu kwa ukucha.
"Shangazi, hii nyumba ya nani?"
Ningeweza kusema: yangu. Ningeweza kusema: yako.
Majibu yote mawili yana ukweli nusu,
na nusu ya ukweli ndiyo tabu yangu ya kila mwezi.
"Njoo," nikasema, "uniangalie ninavyohesabu."

Nikaandika: mabati kumi na manne. Viatu, jozi moja.
Mgawo wa Ndeanasia: usubiri.
Mnufaika ndani yangu akanuna, akala ndizi yake kimya.
Kisha nikamsogezea kalamu,
naye akaandika jina lake kwa herufi zilizopishana urefu,
ulimi nje, akikandamiza mno,
hata wino ukapenya
hadi ukurasa wa mwezi ujao,
ambao bado sijaandika kitu.